Pua Iliyopita Manyovu

Saa moja na nusu asubuhi, Mwandiga, mvua ndo imetoka kukata. Nimekaa kwenye benchi la mama wa chapati nasubiri hiace ya mjini ijae. Mama anasukuma chapati, redio yake ya betri iko kwenye rafu karibu na ndoo ya maji, betri zimekazwa na kipande cha mpira wa tube ya baiskeli, na hewani yuko yule jamaa wa asubuhi ambae nusu ya Kigoma tulikuwa tunaamka nae.

Kulikuwa na gemu. Unapiga simu, unasalimia tu, jamaa anasikiliza lafudhi yako anatoa hukumu kama una namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, au huna, yaani kama we raia. Ukifaulu DJ anabonyeza mlio wa muhuri, ta! Ukifeli analia mbuzi na simu inakatwa.

Siku hiyo akapiga dada mmoja. Kasalimia vizuri tu, akaanza kusema anamsalimia mume wake alieko Kasulu, hajamaliza jamaa akamdaka.

"Dada usinichoshe, hiyo pua mi naisikia mpaka huku studio. Hiyo pua imepita Manyovu usiku wa manane, haijagongwa muhuri."

Manyovu ni kwetu huku mpakani na Burundi. Mbuzi akalia.

Studio wakavunjika mbavu, benchi letu likavunjika mbavu, konda akairudia ile kauli kwa sauti ili na walioko ndani ya gari wasiikose. Na mimi nikacheka. Sio kutabasamu, nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Mama hakucheka. Alinyanyua mkono akajifuta pua kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anaewashwa tu, unga ukabaki pale juu ya pua kama chokaa, na chapati iliyokuwa jikoni ikaungua upande mmoja. Akaitoa akaiweka pembeni peke yake. Akaweka nyingine.

Nikalipa, nikapanda gari.

## Aya yangu

Jioni klipu ilishafika kila mahali. Haifiki hata dakika, nani alirekodi sijui. Kwenye grupu la tuliosoma pamoja watu wakagawanyika, hawa wanasema huo ni utani jamani tusiwe wagumu hivyo, wale wanasema huyu mtu anatuumiza, maana mtu wa Kigoma gani hajawahi kuulizwa babu yake kazikwa wapi.

Nimejilaza kitandani nikaikumbuka ile pua yenye unga. Hasira ikanipanda, ya kweli kabisa, sikuigiza. Nikaandika aya ndefu kwamba hii ni aibu, kwamba pale nilipokuwa nakunywa chai alikuwepo mama Mrundi, mkimbizi wa zamani, anatafuta riziki yake, na nimeona kwa macho yangu alivyoumia, kwamba huyu jamaa hafai kushika maiki tena maisha yake yote. Nikairusha kwenye magrupu sita na status juu.

Kuhusu kucheka kwangu sikuandika.

Ile aya ilitembea kuliko hata klipu. Watu nisiowajua wakaanza kunirudishia mwenyewe, imeandikwa kule juu kwamba imetumwa mara nyingi. Siku ya tisa sauti ya jamaa ikapotea hewani. Stesheni wakatoa tangazo fupi kwamba kauli zile zilikuwa za mtangazaji binafsi, wameachana nae, na wanaomba radhi kwa "yeyote aliyekwazika". Watu wakanipongeza. Mmoja akaniandikia kaka umetusaidia sana, na madole gumba matatu.

Nilifurahi kama siku mbili hivi.

Baada ya hapo ikawa kama mwiba wa mgebuka umekaa kooni, hauumi kihivyo ila kila ukimeza mate unaukuta.

## Mzee wa kofia la kauboi

Bando nilikuwa nalo, nikaanza kuwatafuta wenzake waliopoteza kazi kwa midomo yao. Nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kunihakikishia kwamba nilifanya sawa.

Wa kwanza alikuwa Don Imus, mzee wa redio wa Marekani, kofia la kauboi kichwani. Aprili 3, 2007 mabinti wa basketi wa chuo cha Rutgers walifungwa fainali na Tennessee. Kesho yake asubuhi Imus kipindini akawazungumzia wale mabinti, wengi wao weusi, akawapachika maneno mawili, moja la kudharau nywele zao na lingine la kuwaita malaya. Kufungwa fainali, alafu unaamka unasikia hivyo.

Kilichonishika ni mpangilio wa yaliyofuata. Kwanza mabosi walimsimamisha wiki mbili tu. Wiki mbili, yaani likizo. Ikaja wadhamini wakaanza kuondoka, Procter & Gamble, General Motors na wengine wakubwa kama hao, na Aprili 11 MSNBC wakaacha kumrusha kwenye TV, Aprili 12 CBS Radio wakamfukuza kabisa. Kosa lilikuwa lile lile la tarehe 4, halikuongezeka hata neno moja. Kilichoongezeka ni pesa kutoka mlangoni.

Na jioni ya hiyo hiyo tarehe 12 ndo akaenda kukaa na wale mabinti na kocha wao, Vivian Stringer, uso kwa uso. Wakampokea, wakakubali msamaha wake. Kwa hiyo alishafukuzwa kwa niaba yao kabla hajakaa nao chumba kimoja.

Desemba 3 mwaka huo huo alikuwa hewani tena, WABC, New York. Miezi minane haijafika. Kando yake alirudi na prodyuza wake, Bernard McGuirk, ambae ndie aliewasha ule moto asubuhi ile na Imus akaupokea.

Nikafunga simu nikasema basi kufukuza ni mchezo wa kuigiza tu. Nikaona nimeshapata jibu.

Sikuwa nimepata.

## Maiki iliyodhaniwa imezimwa

Maana nilipofungua tena nikakutana na Ron Atkinson, mchambuzi wa mpira kwenye TV ya Uingereza. Aprili 20, 2004, Monaco kaifunga Chelsea 3-1 nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, matangazo Uingereza yameisha, Atkinson wa ITV anaongea na wenzake kumhusu Marcel Desailly, beki wa Chelsea, akamwita lile tusi kubwa la watu weusi. Alidhani maiki imezimwa, kumbe nchi kadhaa za Mashariki ya Kati walikuwa bado wanamsikia. Akajiuzulu ITV, na safu yake kwenye gazeti la Guardian ikaisha.

Sasa huyu ndie aliekuwa kocha wa West Bromwich Albion mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwapanga pamoja Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson, wakati ambao mchezaji mweusi Uingereza alikuwa anatupiwa ndizi uwanjani. Akapanga watu watatu weusi kikosi kimoja, nani mwingine alikuwa anafanya hivyo kule? Ila lile neno alikuwa nalo mdomoni siku zote, limekaa tayari, linasubiri taa ya maiki izimike.

Hapa nilikwama kama siku nne. Ukimpima mtu kwa aliyotenda unapata jibu hili, ukimpima kwa neno lililomtoka unapata lile, na mimi kwenye ile aya yangu yule jamaa wa asubuhi nilikuwa nimempima kwa sekunde zile tu za klipu, wakati ndie alietusomea majina ya waliokosa mawasiliano na ndugu zao mafuriko yalipokuja, saa nzima, bila tangazo la biashara hata moja. Nalikumbuka vizuri. Nilipokuwa naandika halikunijia.

## Utani una midomo miwili

Hoja ya utani sitaki kuipita haraka, kwa sababu sisi utani tunao kweli na sio kisingizio tu. Mtani wako anaweza kuja msibani akajilaza kaburini akasema hatoki mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Anaweza kukutukana sura yako, ukoo wako na ugali wa kwenu.

Lakini na wewe unamjibu. Palepale. Na watu wanasikiliza zamu yako kama walivyosikiliza yake, na akizidisha wazee wapo.

Ile gemu jamaa alikuwa na maiki, na kidole cha DJ kiko kwenye kitufe cha mbuzi. Yule dada angemjibu saa ngapi? Na pengine alikuwa na jibu kali kuliko la jamaa, dada zetu wa huku midomo wanayo. Simu ilikatwa. Kwa hiyo mi utani hapo siuoni.

## Redio ya jirani

Najua nikifika hapa kuna mtu atasema natia chumvi. Avumilie kidogo.

Watu huwa wanaikumbuka RTLM ya Rwanda kama redio ya mapanga. Ilipoanza Julai 1993 ilikuwa redio tamu. Muziki mzuri wa kizaire, watangazaji wachangamfu wanaoongea kama wako kijiweni na sio kama redio ya serikali, vichekesho, vijana wanaipenda. Utani kuhusu Watutsi ulikuwa umo humo humo kati ya wimbo na wimbo, na neno mende, la kuwaita wao, likazoeleka masikioni. Ilipofika Aprili 1994 sauti ile ile waliyoizoea ndo ikawa inaelekeza nani yuko wapi.

Na pua. Hilo la pua ndo lilinifanya nikae kitandani nikiwa macho. Enzi za Wabelgiji walipima watu pua na vichwa, na kuanzia miaka ya 1930 kitambulisho kikaandikwa huyu Mhutu huyu Mtutsi, na miaka sitini baadae pale kwenye vizuizi vya barabarani wengine waliuliwa kwa kitambulisho na wengine kwa kuangaliwa tu sura. Kutoka Manyovu sio mbali na huko. Mi naona utani wa pua kwenye ukanda huu wetu una undugu na huko, hata kama anaeutoa hajui.

Jamaa wetu sio RTLM, wala sitaki mtu aninukuu hivyo. Kwanza RTLM hapakuwa na wa kufukuzwa, mtangazaji alikuwa anasema kile ambacho wenye redio walitaka kisemwe. Ndo maana mahakama ya Arusha, ile ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, haikuishia kwa walioshika maiki. Georges Ruggiu, mtangazaji, alikiri akafungwa miaka 12 mwaka 2000, lakini hukumu ya Desemba 2003 iliwafuata waanzilishi wenyewe, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo na kufuta baadhi ya makosa, hatia ikabaki.

Walipanda ngazi, wakaenda juu kwa mwenye redio.

Mi na aya yangu niliishia kwa alieshika maiki.

## Kibirizi

Yule jamaa wa asubuhi nilikutana nae Kibirizi, siku ya Jumamosi, jua kali, ile harufu ya dagaa wanaoanikwa mpaka inaingia kwenye nguo. Alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa. Sauti ndo nilianza kuijua kabla ya sura, anabishana bei na mtu wa Tabora kwenye simu, na ile sauti hata ikibishana bei ya dagaa unaona kama kuna wimbo unakuja.

Nikamsalimia, tukaongea. Mambo mengi aliyoniambia nayaacha. Ila gemu, anasema, haikuwa yake, ilitoka ofisini, ilikuwa na mdhamini na ilikuwa hewani wiki ya tatu, kila asubuhi akitoka studio anaambiwa iongezee pilipili. Mkataba hakuwa nao. Alikuwa anapewa nauli na asilimia ya matangazo anayoyaleta mwenyewe, kwa hiyo siku anaambiwa asirudi hakukuwa hata na karatasi ya kumpa.

"Na ya pua?" nikamuuliza.

Akavuta uzi mpaka mwisho, akaukata kwa meno.

"Ya pua ilikuwa yangu kaka. Hiyo hakuna alieniandikia. Ilinijia tu."

Nilimheshimu hapo.

"Ila mbona mlikuwa mnacheka?" akasema. "Ile simu ya salamu ilikuwa inajaa, watu wanaomba gemu iongezwe muda."

Nikamuuliza kipindi chake sasa anacho nani. Akacheka, cha pembeni. "Yule dogo wa mbuzi."

Yaani aliekuwa anabonyeza kitufe. Nikamkumbuka McGuirk.

Ile aya iliyomwondoa sikumwambia kuwa ni yangu. Nilinunua dagaa ambao sikuwa na mpango nao, kilo nzima, nikaondoka.

## Sasa afukuzwe au asifukuzwe

Mi nimefika hapa, na kesho naweza nikawa pengine. Mtangazaji aliekanywa akarudia, aende. Anaechochea watu wapigwe, aende na polisi wamsubiri mlangoni. Lakini ukianza kwa kumfukuza umewapa wenye stesheni sabuni ya kujioshea, kauli ni za mtangazaji binafsi, gemu ni ya mtangazaji binafsi, pesa ya mdhamini sijui ilikuwa ya nani. Leseni sio ya mtangazaji. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikiwa na la kuuliza anaandikiwa mwenye leseni, na sisi wasikilizaji tungeanza huko huko, meneja aje hewani saa moja na nusu hiyo hiyo na sauti yake mwenyewe, aseme gemu ilibuniwa na nani na ililipiwa na nani.

Upande wa pili pia unanisumbua. Ukisema asifukuzwe kwa sababu ana watoto, unamwambia yule dada alieliliwa mbuzi kwamba yeye ndo gharama ya watoto wa mwenzie kula. Hapo sina jibu, nimejaribu kuliandika mara tatu nimelifuta.

## Kwa mama tena

Wiki iliyopita nikarudi Mwandiga, makusudi. Redio ipo pale pale, mpira ule ule. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikasubiri watu wapungue.

"Mama, yule wa redio walimfukuza."

"Nilisikia. Huyu wa sasa hajui hata kusoma salamu."

Nikamwambia pole kwa ile siku, nikaanza hotuba yangu, kwamba nyie ndugu zetu Warundi mnavyosemwa haipendezi, tumeishi wote miaka yote hii. Mti wa kusukumia ukasimama.

"Nani Mrundi?"

Nikanyamaza.

"Mi wa Heru Juu, Kasulu hapo, mwanangu. Baba yangu alienda manamba Tanga kukata mkonge, akarudi, akafia Heru Juu, kaburi lipo, twende nikuonyeshe." Hakuwa na hasira, ndo ilikuwa mbaya zaidi. "Na hata ningekuwa Mrundi sawa tu, ni watu. Ila we ulinijuaje?"

Nilimjuaje. Hajawahi kuniambia kwao. Sijawahi kumuuliza. Miaka mitatu nanunua chapati pale, na aya nzima yenye mama Mrundi mkimbizi wa zamani imezunguka mkoa mzima na bado inazunguka, hata juzi mtu kanitumia. Mi nilikuwa nimecheza ile gemu kimoyomoyo siku nyingi kabla jamaa hajaileta redioni, nikapiga na muhuri.

Nikamwambia ukweli wote, kuandika, magrupu sita, na kwamba nilicheka. Akasema "nilikuona". Basi.

Baada ya muda nikamuuliza, sasa mama we ulitaka wamfanyeje? Alifikiria huku anakunja donge.

"Yule dada wangempigia. Alikuwa anamsalimia mume wake, walimkata hajamaliza. Wangempigia wakamuacha amalize."

Nilikuwa nimesoma Marekani, nimesoma Uingereza, nimesoma hukumu ya Arusha usiku kucha. Yule dada sikuwahi kumfikiria hata mara moja. Hata kwenye aya yangu hayumo.

Mama akanipa chapati mbili kwenye gazeti.

"Na we kwenu wapi?"

"Ujiji."

"Ujiji ya wapi? Babu yako?"

"Ng'ambo, mama. Upande wa Kongo. Sisi Wamanyema."

Akaniangalia. Macho yakatua hapa katikati ya uso, yakakaa kidogo. Akageuza chapati.